Vilima vya makaburi vya Wiltshire viacheni kama vilivyo

Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya wikiendi kuhusu makaburi ya kale ya mkoa wa Wiltshire, kusini mwa Uingereza, na kwanza nashukuru mmeiandika, maana ukurasa wenu wa nje ukitaja Uingereza huwa ni mpira, bunge na mambo ya ikulu ya mfalme basi. Ila mwandishi wenu kamalizia kwa kusema eti imefika wakati serikali ya huku ivifukue vilima vyote vya makaburi vilivyobaki, itumie mitambo ya kisasa, dunia ijue kuna nini ndani, na kwamba kuviacha vimekaa tu na kondoo wanakula majani juu yake ni uvivu wa wasomi. Hapo ndo nimeshindwa kunyamaza. Mi naishi Swindon, kutoka hapa mpaka Avebury, kijiji chenye duara kubwa la mawe ya kale, ni basi moja tu, hayo matuta nayajua kwa miguu yangu, kwa hiyo naomba nafasi nimjibu, na itakuwa ndefu kidogo mtanivumilia.

Tuanze na lile alilolitaja mwenyewe, West Kennet. Ni tuta refu, mita 100 hivi, limelala mashariki magharibi juu ya mgongo wa kilima, na nchi yote ya pale ni chaki, yaani ukikwangua udongo kidogo tu unakutana na mwamba mweupe, ndo maana majani yake mafupi na miti michache na upepo unakupiga vizuri. Wakati linajengwa, miaka ya 3650 KK hivi, halikuwa la kijani kama mnavyoliona kwenye picha, lilikuwa jeupe pe kwa sababu waliochimba mitaro ya pembeni walirundika chaki ile ile juu, na walichimba kwa pembe za kulungu na kuzoa kwa mifupa ya bega ya ng'ombe, chuma kilikuwa bado kabisa, hata shaba ilikuwa haijafika. Yaani mtu akiwa mbali bondeni alikuwa analiona.

Sasa kitu ambacho makala haikusema ni kwamba sehemu ya kaburi ni ndogo sana. Tuta lote hilo la mita 100 lakini vyumba viko upande wa mashariki tu, unaingia kwa ujia mfupi wa mita kama 12, kuna vyumba viwili kulia, viwili kushoto, na kimoja mwisho kabisa. Mawe makubwa ni sarseni, yale mawe magumu ya kijivu yanayookotwa palepale juu ya chaki, ila mianya kati ya mawe imezibwa kwa vijiwe vya chokaa vilivyopangwa bila udongo wowote, na hivyo vijiwe havipatikani pale, vimetoka makumi ya kilomita kuelekea upande wa Bath. Nani alibeba na kwa nini asitumie mawe ya jirani, hapo kila mtu ana lake.

Ndani walizikwa watu angalau 36, wanaume kwa wanawake na watoto, na wala hawakulazwa mmoja mmoja kila mtu na nafasi yake. Mifupa ilichanganywa, ikasogezwa pembeni kupisha wengine, mafuvu mengine yamepangwa ukutani, na baadhi ya mafuvu na mifupa mirefu ya miguu haipo, wenyewe walikuwa wanaichukua na kwenda nayo sijui wapi. Wengi walikuwa na yabisi ya viungo, migongo imeliwa na kazi. Mzee mmoja alikutwa na kichwa cha mshale cha jiwe la gumegume karibu na koo. Hamna taji, hamna dhahabu, hamna kiti cha enzi. Sasa mwandishi wenu anaposema "kaburi la mfalme" mi nauliza mfalme yupi huyo anayelala na watoto wachanga na wazee wa yabisi zaidi ya thelathini chumba kimoja?

Nadhani najua huo ufalme ameutoa wapi. Picha mliyoweka juu ya makala siyo West Kennet hata kidogo, ile ni Silbury Hill, kilima cha mviringo kama bakuli lililofunikwa kilichoko bondeni ng'ambo ya barabara ya A4, ni rahisi kuchanganya kwa sababu ukisimama juu ya tuta unakiona mbele yako. Silbury kimejengwa na binadamu, mita kama 30 kwenda juu, ndo kilima kikubwa kuliko vyote vya kale vilivyojengwa kwa mikono Ulaya, lakini ni cha miaka ya 2400 KK, yaani zaidi ya miaka elfu moja baada ya West Kennet. Wenyeji zamani walikuwa wanasimulia kwamba humo kazikwa mfalme anaitwa Sil akiwa juu ya farasi wake, wengine wanaongeza dhahabu, unajua tena hadithi ikipita midomo mingi.

Na hicho kilima ndo shahidi wangu wa kwanza, naomba mwandishi asome hapa taratibu. Mwaka 1776 walileta wachimba migodi kutoka Cornwall wakatoboa shimo kutoka kileleni kwenda chini moja kwa moja, hawakukuta mfalme. Mwaka 1849 wakaja wengine wakatoboa handaki kutoka ubavuni mpaka katikati, mfalme hakuna, farasi hakuna, wamekuta majani ya kale, udongo na chaki. Mwaka 1968 mpaka 1970 akaja mwanaakiolojia, profesa Richard Atkinson, safari hii televisheni ya BBC iko pembeni watu wanasubiri waone hazina moja kwa moja sebuleni kwao, tundu la tatu hilo kwenda katikati, na bado hakuna kaburi. Mpaka leo hakuna mifupa ya mtu hata mmoja wa kuonyesha kwamba kile kilima kilikuwa kaburi. Alafu mwaka 2000 kileleni pakafunguka shimo, kilima kimeanza kuanguka kwa ndani kwa sababu yale mashimo ya zamani hayakujazwa sawasawa, ikabidi 2007 na 2008 wahandisi waingie tena wajaze kila uwazi kwa chaki wasije wakakipoteza chote. Kilichosimama miaka zaidi ya elfu nne bila msaada wa mtu yeyote kikataka kuanguka kwa sababu ya watu waliokuwa na hamu ya kujua kuna nini ndani. Leo kukipanda ni marufuku, unakiangalia kwa mbali kwenye uzio.

Mwandishi atasema hao ni wa zamani, hawakuwa na utaalamu. Haya, tuwaangalie hao wa zamani kidogo maana kila mmoja wao siku zake alijiona wa kisasa.

Karne ya 17 kulikuwa na daktari mmoja wa Marlborough anaitwa Toope, yeye alikwenda pale kwenye duara la kale linaloitwa Sanctuary, si mbali na West Kennet, akakuta mifupa ya watu inatoka ardhini, akaichimba kwa wingi akaenda kuitengenezea dawa ya wagonjwa wake. Siyo mimi nasema, aliandika mwenyewe kwenye barua kwa John Aubrey, mwandishi wa mambo ya kale, mwaka 1685, na anaona ni jambo zuri tu. Kuna wanaoamini aliingia na West Kennet akasomba mifupa, sina ushahidi wa kumfunga nao ila mtu wa aina hiyo kuishi jirani na kaburi lenye mafuvu si jambo la kukutuliza.

Alafu mwanzoni mwa karne ya 19 wakaja William Cunnington na tajiri wake Sir Richard Colt Hoare, hawa walifungua matuta ya Wiltshire kwa mamia, wakishamaliza wanaacha kisahani cha chuma ndani chenye maandishi kwamba hapa tumeshafungua sisi. Kwa wakati wao walikuwa waangalifu, hilo nawapa, waliandika na kuchora. Lakini angalia Bush Barrow, tuta la mviringo karibu na Stonehenge, lile duara maarufu la mawe, walilifungua 1808 wakakuta mtu kalala na vitu vya dhahabu vizuri ajabu, viko makumbusho ya Devizes mpaka leo, nendeni mkavione. Pembeni yake kulikuwa na jambia ambalo mpini wake ulipambwa kwa pini za dhahabu ndogo mno, nyembamba kama unywele, maelfu kwa maelfu, na kibarua alishapitisha mwiko wa kuchimbia akazitawanya kila upande kabla mtu yeyote hajajua kile kinachometameta ni nini. Kazi ya fundi wa miaka karibu 4000 iliyopita, pigo moja la mwiko, kwisha.

West Kennet yenyewe ilifunguliwa 1859 na John Thurnam, daktari mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili pale Devizes. Huyu shida yake ilikuwa mafuvu. Alikuwa na nadharia yake kwamba matuta marefu yana mafuvu marefu na matuta ya mviringo yana mafuvu ya mviringo, kwa hiyo akichimba jicho liko kwenye fuvu, anapima, anaandika, vingine kwake ni takataka za njiani. Alichimba chumba cha mwisho na sehemu ya ujia, bahati nzuri, naomba kurudia, bahati nzuri hakujua kwamba kuna vyumba vinne vingine pembeni. Vikabaki vimefungwa karibu miaka mia nyingine, mpaka mwanaakiolojia Stuart Piggott na huyo huyo Atkinson walipokuja 1955 na 1956 wakavichimba kwa utaratibu, tabaka kwa tabaka, wakachora kila mfupa ulipolala. Kila tunachojua cha maana kuhusu lile kaburi kimetoka kwenye vile vyumba vinne ambavyo Thurnam alivikosa. Sasa niambieni kama mwaka 1859 angekuwepo mtu wa kumwambia chimba vyote, usiwe mvivu, leo tungekuwa na nini?

Hapo ndo nafika kwenye hoja yangu hasa. Habari kubwa kuliko zote za makaburi haya kwa miaka ya karibuni hazikutoka kwenye jembe jipya, zimetoka kwenye maboksi ya makumbusho. Mifupa ile ile aliyoitoa Piggott miaka ya 1950, iliyokuwa imekaa stoo, ilipimwa upya umri wake kwa radiokaboni, yaani kwa kupima kaboni iliyobaki kwenye mfupa, alafu wakatumia hesabu za takwimu kubana zile tarehe, na mwaka 2007 majibu yakatoka. Kabla ya hapo kila kitabu kilikuwa kinasema watu walizikwa West Kennet kwa karne nyingi, kizazi baada ya kizazi, labda miaka elfu nzima. Kumbe siyo. Kaburi limejengwa kati ya 3670 na 3635 KK, na wale watu wa mwanzo waliwekwa ndani ya muda mfupi sana, miaka 10 mpaka 30 tu, yaani mtu mmoja angeweza kuona mazishi ya kwanza akiwa kijana na ya mwisho akiwa mzee. Baada ya hapo kimya, zaidi ya karne moja hakuna kinachoingia, alafu wanaanza watu wengine kuleta udongo, chaki, vipande vya vyungu, mifupa michache, vyumba vinajaa polepole kwa karne nyingi mpaka mwishoni wakaziba mlango kwa yale mawe makubwa ya sarseni unayoyaona mbele ukifika. Hiyo hadithi yote imepinduliwa na hakuna aliyechimba hata shimo la kupandia kitunguu.

Na bado hiyo ni ndogo. Kuna kaburi jingine la ujenzi wa aina ile ile, Hazleton North, liko Gloucestershire, lile liko kwenye chokaa siyo chaki lakini ni la wakati huo huo na watu wa aina hiyo hiyo. Lilichimbwa 1979 mpaka 1982 kwa sababu trekta zilikuwa zinalimaliza. Mifupa ikahifadhiwa vizuri, watu wakaendelea na maisha, wakati huo kusoma DNA ya mtu aliyekufa miaka 5,700 iliyopita haikuwa hata ndoto. Miaka arobaini baadaye wataalamu wakafungua maboksi, wakapata DNA za watu 35, na mwishoni mwa 2021 wakatangaza kwamba 27 kati yao ni ukoo mmoja wa vizazi vitano mfululizo, na wengi wa hao wametokana na mwanamume mmoja aliyezaa na wanawake wanne. Mama wanne, baba mmoja! Na hao mama walikuwa na uzito, kwa sababu lile kaburi lina pande mbili, kusini na kaskazini, na ulikozikwa kulitegemea wewe umetokana na mama yupi kati ya wale wanne. Kuna hata vijana ambao mama yao ni wa ukoo lakini baba yao wa damu hayumo, na bado wamezikwa humo kama watoto wa nyumbani, yaani watoto wa kambo walipokelewa kabisa. Mabinti wa ukoo waliofika utu uzima ndo hawaonekani, waliopo ni waliokufa wadogo, inaelekea wakubwa walikwenda kwa waume zao na wakazikwa huko.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa nayo siku nzima. Ugomvi wa mirathi wa familia ya miaka elfu tano na mia saba iliyopita unauona hivi hivi, nani wa upande gani, nani mtoto wa nani, mama yako alikuwa wa ngapi. Sasa fikiria Thurnam angelipata hilo kaburi na rula yake ya mafuvu. Tungepata ukurasa mmoja wa vipimo basi. Anayetaka kufukua vyote leo anafanya kama mtu anayepasua mayai yote kwenye kiota ili ahakikishe kama kuna vifaranga.

Maana swali ni hili, na mwandishi hakuligusa kabisa: utaalamu wa mwaka 2080 utakuwaje? Hakuna anayejua, sawa, lakini tukifukua vyote kwa utaalamu wa leo, wa mwaka 2080 watakuta nini? Ukichimba tabaka umeliharibu, huwezi kulirudisha ukalichimba tena vizuri zaidi. Mfupa unaweza kubaki kwenye boksi lakini udongo uliokuwa umeuzunguka, chavua za mimea, konokono wadogo wa zamani wanaoonyesha kama pale palikuwa msitu au malisho, vyote hivyo vikishamwagwa vimekwenda.

Wenyeji wa huku wenyewe hilo wanalielewa kuliko tunavyodhani. Kule Overton Down, kwenye chaki hiyo hiyo, mwaka 1960 wanaakiolojia walijenga tuta jipya na mtaro wake, makusudi kabisa, wakafukia ndani vitambaa, ngozi, mbao, mifupa na vyungu, ili waone vinaozaje na tuta linashukaje. Mpango wao ulikuwa kulikata kipande baada ya miaka 2, alafu 4, 8, 16, 32, 64, na mwisho 128. Mtu unapanga jaribio ambalo kipande cha mwisho kitakatwa 2088 na wewe mwenyewe utakuwa umeshakufa zamani! Na wamejifunza mengi, mfano kwamba mtaro unajaa haraka sana miaka ya mwanzo alafu unatulia, kwa hiyo ukikuta mtaro wa kale umejaa usikimbilie kusema ulichukua karne. Huo siyo uvivu wa wasomi, Mhariri.

Sitaki nionekane kama mtu wa kusema jembe lisiguse kitu chochote milele. Yapo matuta ambayo kuyaacha ndo kuyaua. Chaki inalimwa ngano, na plau ya trekta kila mwaka inakwangua kidogo, matuta mengi ya huku hayapo tena, unayaona tu ukiwa kwenye ndege kama alama kwenye mazao. Mwaka 2017 chuo kikuu cha Reading kilichimba moja la namna hiyo, linaitwa Cat's Brain, liko kati ya Avebury na Stonehenge, limelimwa mpaka likawa sawa na shamba, wakakuta mitaro miwili na alama za jengo la mbao katikati. Hapo sina neno, kuna kuokoa. Kuna na wale wanyama wanaochimba, jamaa zake nyegere lakini wa huku wana mistari meupe kichwani, wanapenda sana matuta kwa sababu udongo wake mlaini, wanatoa mifupa nje kama taka, na sheria ya 1992 inawalinda wanyama wenyewe kwa hiyo huwezi kuwafukuza bila kibali. Kaburi linalindwa na sheria, mnyama anayelibomoa naye analindwa na sheria, hapo ofisi mbili zinaandikiana barua.

Na mitambo ya kisasa anayoisifia mwandishi ni kweli ipo, tena mizuri, ila kazi yake siyo kufukua. Mradi wa kupima ardhi ya Stonehenge, uliofanywa na chuo kikuu cha Birmingham na wenzao wa Austria, ulikokota mashine za rada na sumaku juu ya majani miaka kadhaa na 2014 wakatangaza wamegundua mabaki kibao ya kale yaliyofichika chini, mojawapo tuta refu lenye jengo la mbao ndani, na hawakuchimba. Kwa hiyo kama mnataka mitambo, mitambo inasema usichimbe.

Kuna jambo la mwisho ambalo makala imelipitia juu juu, eti hao ni mababu wa Waingereza na Waingereza wana haki ya kuwaona. Kwa damu, kidogo sana. Waliojenga West Kennet asili yao ni wakulima ambao mababu zao walitoka pande za Uturuki ya leo na bahari ya Aegean, wakasambaa Ulaya kizazi kwa kizazi mpaka wakavuka kuja visiwani miaka ya 4000 KK. Alafu kuanzia 2450 KK hivi wakaja watu wengine kutoka bara wenye vyungu vyao vya umbo la kengele, na utafiti wa DNA uliotoka 2018 unaonyesha ndani ya karne chache karibu asilimia 90 ya asili ya watu wa Uingereza ilibadilika. Na ni karne hizo hizo ambazo mlango wa West Kennet ulizibwa. Kwa hiyo anayesimama pale leo akisema hawa ni babu zangu, awe Mwingereza wa Marlborough au mimi wa kuja, tofauti yetu ni ndogo kuliko anavyofikiri. Wapo waumini wa dini ya kidruidi, yaani wanaofuata dini ya makuhani wa kale wa huku, walioomba mtoto mmoja wa enzi hizo aliyeko makumbusho ya Avebury azikwe upya, ikajadiliwa muda mrefu na 2010 English Heritage na National Trust, mashirika yanayotunza maeneo ya kale, wakakataa. Mi nilikuwa upande wa hao waumini, baadaye ile habari ya Hazleton ikanigeuza kabisa. Angezikwa tena, maswali ya kesho yangezikwa naye. Lakini kumbakiza aliyeshatolewa ni kitu kimoja na kwenda kuwatoa waliolala ni kingine, mwandishi kavichanganya kapu moja.

Wasomaji wenu wanaoishi huku wakitaka kwenda, basi namba 49 linapita Avebury, mkishuka mtatembea kidogo, mnavuka mto Kennet ambao kiangazi unakuwa mdogo mpaka unacheka, mnapandisha kilima. Hakuna tiketi, hakuna geti, na ndani unaweza kusimama wima. Bebeni tochi. Tafadhali msibebe mishumaa, watu wanaiwasha kwenye mianya ya mawe wakiomba sijui nini, moshi unapiga ukuta mweusi na joto linapasua sarseni, na kwa sheria ya 1979 ya kulinda maeneo ya kale, kuharibu pale ni kosa la jinai, kama ilivyo kosa kupitisha mashine ya kutafuta vyuma bila kibali cha maandishi, nasema hivi kwa sababu mmoja aliniuliza kama inafaa.

Na kwa mwandishi wenu, ambaye namheshimu kwa kazi yake nyingine, nina ombi dogo. Badala ya kudai vilima vifukuliwe, aandike makala inayodai makumbusho ndogo za huku zipewe hela ya stoo. Maboksi yanajaa, mengine toka miaka ya hamsini mpaka leo yanasubiri mtu wa kuyafungua, na wachimbaji wenyewe wanalalamika hakuna pa kuweka vinavyopatikana kwenye ujenzi wa barabara na nyumba. Akiiandika hiyo mi nitakuwa wa kwanza kuinunua.

Msomaji wenu,
Swindon, Uingereza